Ufunguo wa Tangi la Kaberebere: Historia ya Mihigo Mwana wa Natanaeli

Ndugu waombolezaji, mliotembea kutoka pande zote za Rubondo na mliokuja kwa magari kutoka Mbarara na Kaberebere, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, nanyi watu wa kampuni mliopewa viti vya mbele, hii ndiyo historia ya Mihigo mwana wa Natanaeli tunayemlaza leo Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, imeandikwa na mke wake Umwiza na anaisoma mwenyewe, maana baba mdogo Kabanda aliyepangwa kusoma alikuja na historia nyingine, fupi, iliyosema ajali ya kazini na mapenzi ya Mungu ikaishia hapo, na mama mzazi wa marehemu akaikataa leo asubuhi mbele ya wazee, akasema, “Ile ni historia ya muntu mwingine, muke wake asome.” Msomaji wa historia ya marehemu hajiiti “mimi”, kwa hiyo humu ataitwa Umwiza kama watu wengine wanavyoitwa, na ni kweli anaogopa, ana mtoto mgongoni na mwingine ameshika kitenge chake, mvumilieni tu amalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1998 huko Bijombo, teritwari, yaani wilaya, ya Uvira, Kivu ya Kusini nchini Kongo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Natanaeli, mfugaji, na mama Nyirabizimana ambaye yuko hapa mbele yenu, na mwaka 2007 vita vilipofika kwao waliacha ng'ombe na nyumba ikiwaka, wakavuka mpaka, wakafika hapa Uganda kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwezi Agosti mwaka huohuo, wakapewa kiwanja hapa Rubondo, na baba yake akafia hapahapa mwaka 2010.

Mwaka 2009 kamati ya maji ilimchagua mama Nyirabizimana kushika ufunguo wa bomba la kisima chetu, ile pampu ya mkono, na hili lazima lisemwe mapema kwa sababu bila hilo hamtamwelewa Mihigo, na pia kwa sababu wengi mliokaa hapa mkiwa na sura za huzuni mlimtukana sana huyu mama. Kabla yake kila mtu aliingia ndani ya wigo na kushika pampu anavyotaka, mpaka siku kijana mmoja alipolazimisha mkono wa pampu kwa chuma ukakatika, Rubondo yote ikarudi kunywa maji ya ziwa na watoto wakaharisha. Mama alipopewa ufunguo hakuruhusu mtu kuvuka wigo tena, mnakumbuka, mlisimama nje mkipiga kelele, “Mama Mihigo, fungua, hii maji si ya bwana yako,” na yeye akijibu bila kupandisha sauti, “Maji ni ya batu bote, lakini pompi ni ya kutunza, leta bidoni yako hapa kwa mulango nitakupompia.” Mliita huo uchoyo, wengine mlisema ni uchawi, lakini pampu haijakatika tena mpaka leo.

Elimu ya msingi marehemu aliipata hapa Rubondo, akamaliza darasa la saba mwezi Novemba 2012, akasoma sekondari Kaberebere kuanzia 2013 hadi 2018, akitembea Jumatatu na kurudi Ijumaa, kisha Agosti 2019 akaingia chuo cha ufundi Mbarara kusomea umeme na kompyuta, na kwa sababu ya kufungwa kwa shule wakati wa korona alichelewa kumaliza, akapata diploma yake Aprili 2022. Ni huko chuoni ndipo alipokuta bomba la mama yake ndani ya mashine, hivyo ndivyo alivyomweleza Umwiza walipokuwa bado wachumba, wakila chapati kando ya barabara, na Umwiza ambaye kompyuta aliijua kwa kuiona tu sekondari alielewa mara moja.

Kompyuta, alisema, ina sehemu ya ndani inayoitwa kiini, hiyo peke yake ndiyo iko ndani ya wigo pamoja na vyuma, na programu za kawaida zote zinakaa nje na madumu yao. Vidude vya mashine, kile cha kupima joto, kile cha kuwasha mota, vinaning'inia pamoja kwenye nyaya mbili, na yeyote anayezifikia nyaya hizo anaweza kuamuru kila kidude kilichoko juu yake, kidude hakiulizi wewe ni nani wala unataka kufanya nini. Kwa hiyo ndani ya kiini huandikwa programu ya ulinzi inayoitwa kiendeshi, inasimama kwenye mlango wa kidude kimoja, inapokea ombi kutoka nje, inalipima, kisha inalitimiza au inalikataa, na namna ya kujuana ni moja tu, kidude kiandikwe kwa jina lake la kweli katika maelezo ya mashine, hapo kiendeshi chenye jina hilo kinakuja kukishika, na kikishashikwa, programu ya nje ikijaribu kukigusa moja kwa moja inajibiwa kwamba kina mwenyewe. “Ni mama kabisa,” Mihigo alisema, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwezi Mei 2022 aliajiriwa Mbarara na kampuni ya bosi Bob, yule pale mwenye koti la kijivu, inayotengeneza matangi ya kupoza maziwa na kuyaweka kwenye vituo vya wafugaji, tangi la kwanza likawekwa Kaberebere na baadaye mengine manne, na kila tangi lina kompyuta ndogo ndani ya sanduku, na ndani ya tangi kuna mwiko wa chuma unaozungushwa na mota ili maziwa yapoe sawasawa. Kiendeshi cha mota hiyo ni kazi ya Mihigo, nacho hakikuwa cha kufunga tu kama wanavyosema leo, kiliacha madirisha matatu kwa programu za nje, la kusoma joto, la kujua kama kifuniko kiko wazi, na la kuomba mwiko uzunguke, kuomba, siyo kuamuru, kwa sababu kifuniko kikiwa wazi kiendeshi kilikataa, aombe nani, aombe bosi mwenyewe, kilikataa.

Na ilikuwa desturi yake, wafugaji mnaijua, kila tangi jipya likifunguliwa alikunja shati mpaka begani, akafungua kifuniko, akaingiza mkono wake wote ndani na kumwambia mfugaji abonyeze kitufe cha kukoroga, na mwiko ukakaa kimya, ndipo watu wakaamini. Mzee mmoja wa Kaberebere alikataa kubonyeza, akasema, “Kijana, mkono ukibaki humo sisi tutauza maziwa ama supu?” na watu wakacheka, na Mihigo akacheka, akabonyeza mwenyewe kwa mkono wa pili.

Tarehe 3 Desemba 2022 alifunga ndoa na Umwiza katika kanisa letu la hapa Rubondo, wakapewa nyumba ya kampuni Mbarara karibu na kambi ya jeshi, wakabarikiwa watoto wawili, Ancilla aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2023 na Kayumba aliyezaliwa tarehe 6 Machi 2025, huyu anayelia sasa. Alikuwa baba wa kuosha nguo za mtoto hadharani, wake za askari wakimcheka kupitia ua wa waya wa kambi, na jirani yao Ketty, mke wa askari, akamwambia siku moja, “Wewe Mihigo, bwana yangu akiona wewe nafua nepi, mimi napata shida ama napata raha?” naye akamjibu kwamba amlete ajifunze.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa na kifo, na hapa ndipo Umwiza ameombwa na wengi apite haraka, leo hii kwenye kona ya kanisa bosi Bob amemwambia kwa sauti ya upole, “Mama, taja Mungu, taja watoto, mambo ya tangi wachana nayo, halafu sisi tutaona namna ya kukusaidia,” na baba mdogo Kabanda akaongeza, “Muke wa Mihigo, tuzike muntu yetu, usiseme ile maneno mbele ya batu mingi, maziwa yetu inamwangika.” Amewasikia, na anajua nyumba wanayokaa ni ya kampuni, na anajua watoto watalala wapi akifukuzwa, yaani hajui, lakini hatapita haraka.

Mwaka huu wanunuzi wa maziwa wa Kampala walitaka kuona joto la kila tangi kwenye simu zao, na bosi Bob akampa kazi hiyo kijana Emmy, yule wa safu ya tatu anayetazama chini. Programu ya Emmy ilitaka kuzungusha mwiko kidogo kabla ya kusoma joto, ili maziwa ya chini na ya juu yachanganyike, basi ikagonga kwenye nyaya moja kwa moja, ikajibiwa kwamba mota ina mwenyewe. Mihigo hakukataa simu, watu wa kampuni msiseme alikataa, alimwonyesha Emmy dirisha la kuomba lipo tayari, akasema kazi ni kuiandika upya programu ipite hapo na kuijaribu vizuri kwenye tangi tupu, wapewe muda. Bosi Bob akamwambia mbele ya wenzake, “Wewe iko na roho mbaya, kila kitu funga, funga, kastoma anataka kuona wewe nafunga, mashine ni ya mama yako?” na ofisi ikacheka, na Mihigo akarudi nyumbani bila kula.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba aliomba ruhusa ampeleke Kayumba chanjo, na siku hiyohiyo, kwa amri ya bosi Bob, Emmy alilifuta jina la kweli la kidude cha mota katika maelezo ya mashine, akakiandika kwa jina la jumla tu, kama mtu anayeandikishwa kambini bila jina la baba wala kijiji. Kiendeshi cha Mihigo kilipoamka kikatafuta kidude chake, hakikukiona, kikaondoka kimya bila kugombana na mtu, na nyaya zikabaki wazi kwa programu yoyote, kisha mabadiliko hayo yakatumwa kupitia mtandao kwenye matangi yote matano, na simu zikaanza kuonyesha joto, na wakapiga makofi. Mihigo hakupigiwa simu, hakutumiwa ujumbe, hakuna aliyemwambia kwamba mlango umeng'olewa.

Jumanne tarehe 7 Oktoba aliitwa Kaberebere na dada Gorret anayeosha tangi la pale, kitambaa cha kuoshea kilikuwa kimenasa kwenye mwiko, na tangi lilikuwa tupu. Alifungua kifuniko, akakunja shati mpaka begani kama kawaida yake, akaingiza mkono, akawa anachomoa kitambaa huku akimtania Gorret kwamba nguo ya ndani ya nani imeingia kwenye maziwa ya watu, na huko Kampala mtu akashika simu yake akauliza joto la tangi la Kaberebere, na mwiko ukazunguka.

Kampuni imetangaza kwamba fundi hakuzima umeme, na hapa halifichwi, ni kweli hakuzima, lakini pampu ya maji ya kuoshea inakula umeme kwenye swichi ileile kubwa, ndivyo kampuni ilivyojenga, ukizima umeme huoshi, na kila anayeosha anaosha umeme ukiwaka, Gorret anaosha hivyo, na wenzake wa vituo vingine wanaosha hivyo, na kilichowalinda miaka yote hii ni kile kiendeshi cha mtu aliyeitwa roho mbaya. Kampuni imetangaza pia kwamba programu ya mota ni ya Mihigo, na hilo nalo ni kweli, ilikuwa ya Mihigo mpaka Jumatatu.

Alifikishwa hospitali Mbarara jioni ileile akiwa amepoteza damu nyingi, akapasuliwa, mkono ukaondolewa, na kwa siku chache ilionekana atapona, akawa anauliza habari za Ancilla, akataka uji. Alhamisi Emmy alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akasema alichofanya, na Umwiza alifikiri mume wake atamtukana, yeye angemtukana, lakini Mihigo aliuliza jambo moja tu, kama matangi mengine manne nayo yako hivyo, na Emmy alipoitika, Mihigo akaanza kuhangaika kitandani mpaka nesi akaja. Tangu hapo homa ikapanda, na katikati ya homa alimshika Umwiza kitenge kwa mkono uliobaki, akawa anarudia kwa lugha ya nyumbani ya Rubondo, “Wambie bafunge, ile matangi ingine, wambie batu baache kwanza kuingiza mukono, bafunge umeme mupaka kiendeshi irudi,” hakuomba maji, hakuaga watoto, alirudia hayo tu, na Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, watu wakiwa kanisani, akafa.

Kwa hiyo anayesoma hapa ana agizo la marehemu, na agizo halijatimizwa, maana Emmy mwenyewe amemwambia Umwiza kwamba kazi ya Mihigo haijafutwa, ipo, ni kurudisha tu jina la kweli la kidude na kuituma tena, na kwamba bosi Bob amemwambia asubiri kwanza wageni wa Kampala waondoke, wasije wakaona simu haisomi. Bosi Bob, umelipia jeneza, umeleta gari, umekaa mbele, na leo saa ya kuosha ikifika kuna wanawake kwenye vituo vinne watakunja mikono na kuingiza ndani. Ninyi mnaoosha matangi hayo, nusu yenu mko hapa, msioshe leo umeme ukiwaka, choteni maji kwa ndoo, maziwa yakichacha yachache, na ninyi wafugaji mnaonung'unika nyuma huko, baba mdogo Kabanda ukiwa mmoja wao, ng'ombe atakamuliwa tena kesho.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Mbarara, walikesha naye na hawakumficha mke wake hali ilivyokuwa. Inawashukuru majirani wa kambi ya jeshi, Ketty alipita mlango kwa mlango akawatoa wake za askari na askari wenyewe wakaja kutoa damu, na ni yeye aliyekaa na watoto, na ni yeye aliyemwambia Umwiza jana, “Wewe mama, hapana ogopa, sema tu, mimi nasimama hapa nyuma yako,” na amesimama, mnamwona. Inawashukuru wanakwaya, waliochimba kaburi, na wafanyakazi wenzake wachache waliokuja bila kutumwa.

Inamshukuru zaidi dada Gorret, yeye ndiye aliyerukia swichi kubwa na kuizima, akaufunga mkono wa Mihigo kwa kilemba chake, na Mihigo alipopakiwa garini akarudi ndani, akatia kufuli lake mwenyewe kwenye sanduku la swichi ya tangi la Kaberebere, akakataa kufungua. Ametukanwa tangu siku ile, ameambiwa analinda tangi la mfu, ametishiwa kazi, na bosi Bob aliyekuja kuzika leo alimwomba ufunguo kabla hajampa mama pole. Gorret ni mtu wa Kaberebere, anakaa peke yake na wanawe, hawezi kuushika ufunguo huo mbele ya watu wenye hasira kila asubuhi, kwa hiyo kabla ya ibada kuanza ameutoa kifuani na kuuweka kwenye mkono wa mama Nyirabizimana.

Emmy arudishe jina, atume kwenye matangi yote matano, kisha aje hapa Rubondo amchukue mama mpaka Kaberebere, mama afungue swichi kwa mkono wake, tangi likishapokea Emmy afungue kifuniko mbele yake, abonyeze kitufe, mwiko ukae kimya, bila mkono wa mtu ndani, tumetoa mmoja unatosha, ndipo ataomba ufunguo. Wageni hamumjui huyu mama, lakini watu wa Rubondo mnamjua, waelezeni njiani mkirudi.

Wewe Mihigo, pumzika kwa amani. Mlangoni kuna mama yako.